Siku tatu za mafunzo kwa wakurugenzi wa mashirika, mada zipi zinafaa kweli?

Mratibu_Ziwa

Habari zenu wakuu, natumai wote wazima. Niko Mwanza, naratibu mtandao wa asasi za kiraia hapa kanda ya ziwa na naomba mnisaidie kufikiri, maana muda umebana na hela yenyewe ya mara moja.

Wanachama wetu wengi ni mashirika madogo, kuna ya watoto yatima, kuna ya wavuvi na mazingira ya ziwa, afya ya mama, watu wenye ulemavu, wengine wana wafanyakazi wanne wengine wanafika ishirini. Tumepata fedha ya kuwafundisha wakurugenzi watendaji kwa siku tatu. Konsaltanti tuliyempata katuletea orodha ya mada: uongozi wenye maono, akili hisia (yaani kumudu hisia zako na kuelewa za wenzako), fikra za kimkakati, kusimamia mabadiliko, kujenga timu. Sisemi ni mbaya, lakini hiyo orodha ukiichukua ukaipeleka kwa mameneja wa benki au wakuu wa shule haibadiliki hata neno moja. Hakuna mahali inapomgusa mtu anayeendesha shirika la kusaidia watu, ambaye hela inatoka kwa mfadhili, anasimamiwa na bodi ya watu wanaojitolea, na kazi anawafanyia kina mama wa kijijini ambao hata akiharibu hawana pa kumshtaki.

Tulijaribu pia kuwauliza wenyewe kwa fomu. Karibu wote wametiki kutafuta fedha na kuandika andiko la mradi. Nawaelewa kabisa, ile Januari 2025 Marekani waliposimamisha misaada kuna wanachama wetu walikuta barua ya kusitisha kazi kwenye emaili huku vijana wao wako fildi, pikipiki zina mafuta, vifaa viko stoo na hawaruhusiwi kutumia hata shilingi, na ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huohuo USAID, shirika la misaada la Marekani, ndo ikaacha kabisa kuendesha misaada. Kwa hiyo mtu akitiki fedha simlaumu. Ila andiko la mradi anaweza kufundishwa afisa miradi wake, mi natafuta yale ambayo asipoyajua mkurugenzi hakuna mwingine pale ofisini wa kuyabeba.

Waliowahi kufundishwa au kufundisha, kitu gani kilikusaidia ukarudi nacho ofisini ukakitumia? Na hizi mada mnazichaguaje, na siku tatu mnazipangaje? Natanguliza shukrani.

Mkaguzi_Dom

Mkuu hiyo fomu achana nayo. Fomu inakupa haja ya wiki hii, haikuonyeshi ofisi inavuja wapi. Waombe karatasi. Kila mkurugenzi kabla ya mafunzo atume vitu vinne, muhtasari wa kikao cha mwisho cha bodi, barua ya mkaguzi kwa menejimenti ya mwaka uliopita, taarifa ya usuluhishi wa benki (ile ya kulinganisha vitabu vyao na taarifa ya benki) ya mwezi uliopita na mkataba wa ufadhili mkubwa kuliko yote alionao. Ukikaa nazo jioni mbili tatu mada zinajitokeza zenyewe. Atakayeshindwa kutuma muhtasari kwa sababu bodi haijakaa tangu mwaka juzi, huyo tayari umeshajua anahitaji nini na hajaandika popote.

Mi nafanya ukaguzi wa mashirika, na kinachojirudia sio wizi kama watu wanavyodhani. Ni mradi kukopa mradi. Mfadhili wa kwanza kachelewesha awamu ya pili, tarehe ya mishahara imefika, kwenye akaunti ya mfadhili wa pili kuna hela imekaa, mhasibu anaandaa vocha, mkurugenzi anasaini kwa nia njema kabisa akijua ile awamu ikija itarudishwa. Awamu haiji. Mfadhili wa pili analeta mkaguzi, anakuta mishahara ya watu ambao hawamo kwenye bajeti yake, anaandika gharama hazikubaliki, rudisheni. Sasa shirika ambalo kila shilingi yake ina mwenyewe litarudisha kwa hela ipi? Nimeona mashirika mazuri yenye kazi inayoonekana kijijini yamekufa hivyo, na mkurugenzi wake maono alikuwa nayo ya kutosha, alichokosa ni mtu wa kumkalisha chini akamwonyesha ile vocha na kumwambia hapa ndo pa kusema hapana, piga simu kwa mfadhili uombe ruhusa kwa maandishi, ukinyimwa waambie wafanyakazi mishahara imechelewa.

Kwa hiyo siku ya kwanza nzima mi ningeiweka kwenye hela, lakini hela kwa jicho la mkurugenzi, debiti na krediti muachie mhasibu. Anza na zoezi hili: kila mtu aandike kwenye karatasi nyeupe ofisi yake inakula shilingi ngapi kwa mwezi kama hakuna mradi hata mmoja. Kodi ya nyumba, mlinzi, umeme, intaneti, mshahara wa mhasibu, bima ya gari, gharama ya ukaguzi ukigawa kwa kumi na mbili. Wengi hiyo namba hawana. Bila hiyo namba huwezi kukaa mezani na mfadhili ukadai gharama za uendeshaji, unapokea kile ulichopewa unashukuru, halafu kodi ya ofisi unaificha kwenye mstari wa semina. Kwenye ruzuku za serikali ya Marekani kwa mfano kiwango cha gharama hizo ambacho shirika lisilo na makubaliano maalum linaruhusiwa kudai kilipanda kutoka asilimia 10 kwenda 15 kuanzia Oktoba 2024, ila bado kuna watu wanajikatia wenyewe chini ya hapo wakidhani wataonekana wana tamaa.

Na kodi jamani. Kuna wakurugenzi wanaamini kabisa kwamba shirika la hisani halihusiki na TRA, mamlaka ya mapato. Msamaha wa kodi ya mapato hauji na cheti cha usajili, unaombwa, na hata ukiupata haugusi PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi, ambayo inatakiwa ifike ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, wala mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambao ni asilimia 20 ya mshahara ukijumlisha ya mwajiri na ya mwajiriwa. Deni la miaka mitatu likigundulika hakuna mfadhili anayelipa faini.

Mama_Bodi_Moro

Mratibu mwanangu hongera kwa kuuliza kabla. Mimi nimestaafu utumishi wa umma, sasa hivi ni mwenyekiti wa bodi ya shirika moja hapa Morogoro, na nina jambo moja ila nalisema kwa nguvu zote. Ukiwafundisha wakurugenzi peke yao umefundisha nusu. Mkurugenzi anarudi na mawazo mapya anamkuta mwenyekiti ambaye anaamini kazi yake ni kusaini cheki, au mwingine anaamini kazi yake ni kuingia ofisini kila asubuhi kumwelekeza dereva, na ndani ya wiki mbili kila kitu kimerudi kilivyokuwa. Waite wenyeviti, hata kama ni kwa siku moja.

Kuna zoezi tulifanyishwa, mpaka leo nalitumia. Mwezeshaji alitutenganisha, wakurugenzi meza za huku wenyeviti meza za kule, kila mmoja akapewa karatasi ileile ina maamuzi yameorodheshwa: kuajiri mhasibu, kumfukuza mhasibu, kupandisha mshahara wa mkurugenzi, kuuza gari, kusaini mkataba wa ufadhili, kufungua akaunti mpya benki, kuongea na mwandishi wa habari, mkurugenzi kusafiri nje ya nchi. Mbele ya kila moja unaandika nani anaamua, ni bodi, ni mkurugenzi, au mkurugenzi anaamua halafu anaiarifu bodi. Hamruhusiwi kuulizana. Mkimaliza mnakaa wawili wawili, mwenyekiti na mkurugenzi wake, mnaweka karatasi pembeni kwa pembeni. Meza iliyokuwa jirani yetu mwenyekiti kaandika kuuza gari ni bodi, mkurugenzi kaandika ni yeye, na kumbe gari lilikuwa limeshauzwa. Walitoka nje wote wawili, waliporudi baada ya chai walikuwa na karatasi moja imeandikwa upya kwa mkono na wameisaini wote. Nakwambia hiyo karatasi ilifanya kazi kubwa kuliko mpango mkakati wa kurasa hamsini.

Waambie waje na katiba za mashirika yao mkononi. Utashangaa wangapi hawajaifungua tangu siku ya kusajili.

Na kitu kingine, nani anamtathmini mkurugenzi? Afisa miradi anatathminiwa kila mwaka, mhasibu anatathminiwa, mkurugenzi hakuna mtu anakaa nae kumwambia hapa umefanya vizuri hapa hapana. Miaka inapita bodi imenyamaza halafu siku moja wanamwandikia barua ya kusimamishwa kazi, yeye anashangaa na wanakijiji wanashangaa. Hilo ni somo la bodi na mkurugenzi kwa pamoja, ukimfundisha mmoja haliwezi kukamilika.

Mkurugenzi_Kusini

Shikamoo mama Moro, nakubaliana na wewe na mkaguzi pia. Ila naomba nipingane kidogo na hii hali ya kuona akili hisia ni mada ya kupoteza muda, mi nadhani tatizo liko kwenye namna inavyofundishwa, unawekewa picha za ubongo ukutani mnacheka mnaenda kula.

Naongoza shirika la afya huku Lindi. Barua ya kusitisha ilipotufikia tulikuwa na wafanyakazi wa mradi ambao wengine nimefanya nao kazi tangu ofisi ni chumba kimoja. Sheria tulikuwa nayo mkononi, tuna mwanasheria anatusaidia bure, na hilo Mratibu liweke kwenye mafunzo yako kwa herufi kubwa maana wengi waliachisha watu kwa meseji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema ukitaka kupunguza wafanyakazi uwape taarifa mapema, uwaeleze sababu na ujadiliane nao au na chama chao, vigezo vya nani anaondoka vijulikane, anayelipwa kwa mwezi notisi isipungue siku 28, na kiinua mgongo kisipungue mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliofanya kazi mfululizo mpaka miaka 10. Ukiruka hatua mtu ana siku 30 za kwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kulalamika kwamba kaachishwa isivyo halali, na hapo shirika ambalo halina kitu linaanza kudaiwa fidia.

Lakini sheria haikwambii uanze kumwambia nani. Haikwambii useme nini mtu akikuuliza mbona wewe unabaki. Sisi tuliwaita wote asubuhi, tukawawekea mezani nakala ya barua ya mfadhili na salio la akaunti, tukawasomea mstari kwa mstari. Dereva wetu ndo aliyeongea wa kwanza, hakuuliza mshahara wake, akauliza kina mama wa kliniki ya Alhamisi nani ataenda kuwaambia wasije. Hapo ndo nikaona kazi ya mkurugenzi iko wapi. Tukagawana vijiji, mimi nikachukua vile vya mbali zaidi, nikaenda kusema mwenyewe.

Sasa hicho kinafundishika. Mwezeshaji awakalishe wawili wawili, mmoja mkurugenzi mwingine mfanyakazi anayeachishwa, waseme kwa maneno kamili kabisa kama vile ni kweli, halafu wabadilishane viti. Afu kesi nyingine, mfadhili anataka mradi ambao wanakijiji wameshasema hawautaki, unamjibuje? Unamjibu kwa adabu lakini unamjibu. Wapewe barua waandike, zisomwe kwa sauti. Ukifanya hivyo hiyo ndo akili hisia yenyewe, wala hauhitaji kuiita jina.

Na uchovu, jamani. Huwezi kuiambia bodi umechoka, watadhani umeshindwa. Mfadhili ndo kabisa, na wafanyakazi wanakuangalia wewe wapate moyo. Mi kilichonisaidia ni wakurugenzi wenzangu watano tunaokutana kila mwisho wa mwezi, hakuna ajenda wala posho, kila mtu anasema kitu kimoja kinachomsumbua na wengine wanauliza maswali tu, hairuhusiwi kutoa ushauri mpaka umeulizwa. Mratibu ukiweza mafunzo yako yazae vikundi vya namna hiyo kwa wilaya utakuwa umefanya jambo kubwa.

Mkaguzi_Dom

Hapo kwenye kusoma salio mbele ya wafanyakazi nimekuvulia kofia dada. Nakubali, mazoezi ya maongezi yawepo.

MwanaKilifi

Salamu kutoka Kilifi, mtaniwia radhi nimechelewa kuingia. Huku kwetu Kenya sheria yenyewe ndiyo imetuchagulia mada. Sheria ya PBO, yaani ya mashirika ya manufaa ya umma, ilipitishwa 2013 ikakaa zaidi ya miaka kumi bila kuanza kutumika, mpaka tarehe 14 Mei 2024 ndipo ikaanza na ile ya NGO ya 1990 ikaondoka. Tangu hapo kila mafunzo ya wakurugenzi ni sheria asubuhi, sheria jioni, watu wanasinzia. Nawashauri sheria muipe nusu siku na mumwite ofisa wa usajili aje yeye mwenyewe ajibu maswali, msimlipe mkufunzi awasomee vifungu ambavyo kila mtu anaweza kusoma.

Mimi nataka kutaja mada ambayo hakuna mtu hutiki kwenye fomu, nayo ni kuondoka. Mashirika yetu mengi yana mwanzilishi, na mwanzilishi ndiye kila kitu. Nilimjua mama mmoja, Mungu amrehemu, alianzisha shirika la kusomesha wasichana na alilipenda kuliko nafsi yake. Alipougua ghafla ndipo ikajulikana kwamba benki haitoi pesa bila saini yake, emaili ambayo wafadhili huandikia iko kwenye simu yake na nywila anaijua yeye, na kiwanja cha ofisi kimeandikwa jina lake binafsi kwa sababu wakati wananunua usajili ulikuwa haujatoka. Alipofariki watoto wake hawakuwa na ubaya wowote lakini kiwanja kikaingia kwenye mirathi, na wasichana waliokuwa kidato cha tatu wakarudishwa nyumbani kwa karo. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyekusudia.

Hii mada ukiiita mpango wa kurithishana uongozi watu wanafikiri unataka kuwatoa, wanakunja uso. Tulipoifanya huku tuliwapa kazi ya saa moja tu. Kila mkurugenzi aandike barua kwa mtu atakayeshika ofisi kuanzia kesho kwa miezi mitatu. Amwambie nani wa kumpigia benki, ripoti gani inadaiwa tarehe ngapi, funguo ziko wapi, mfadhili yupi ana hasira na kwa nini, mwanakijiji gani ukimwacha nje ya kikao kazi haiendi. Wengine walifika nusu ukurasa wakasimama kwa kuwa hawakujua barua hiyo wamwandikie nani, hakuna mtu chini yao. Hapo somo lishajifundisha. Mmoja alirudi kwake akaanza kumpeleka naibu wake kwenye vikao vya wafadhili, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

Sauti_ya_Mtoto

Naongezea fupi. Msisahau ulinzi, maana baada ya ile kashfa ya ngono ya wafanyakazi wa shirika la misaada la Oxfam kule Haiti kutoka magazetini Februari 2018 wafadhili wengi hawatoi hela bila sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono, na sera zipo, zimenakiliwa zimefungwa kwenye faili. Swali la kuwapa wakurugenzi ni moja, anayelalamikiwa akiwa ni wewe, binti wa kazi za usafi apeleke wapi malalamiko yake? Kama jibu ni sanduku la maoni ambalo ufunguo anao mkurugenzi basi hamna sera hapo. Namba ya simu ya mjumbe mmoja wa bodi, ikiwezekana mwanamke, ibandikwe mlangoni na kwenye ukumbi wa kijiji kwa Kiswahili au kwa lugha wanayoongea watu pale.

Pia picha za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na mashirika bado yanaposti mtoto na jina lake na kwamba wazazi walikufa kwa ugonjwa gani. Mtoto yule atakua, atatafuta kazi, picha itakuwepo. Huo uamuzi ni wa mkurugenzi, asimwachie kijana wa mitandao.

Mratibu_Ziwa

Wakuu nimesoma zote, nyingine mara mbili, asanteni sana sana. Nimekaa na wenzangu ofisini tumekuja na hiki.

Siku tatu hatuziweki mfululizo tena. Mbili za kwanza pamoja, ya tatu baada ya miezi miwili, ili mtu aje na alichofanya. Siku ya kwanza ni hela, namba ya kuendesha ofisi kwa mwezi, mradi kukopa mradi, kodi, na mikataba ya ufadhili maana kanuni zetu za NGO tangu 2018 zinataka fedha inayozidi shilingi milioni 20 iwekwe wazi na mkataba upelekwe kwa Msajili wa NGO ndani ya siku 10, na kwenye karatasi za majaribio nilizoanza kuzikusanya naona wengine hawajui kabisa. Saa ya mwisho tutamwomba mtu kutoka ofisi ya msajili msaidizi aje ajibu maswali, hasa hili la cheti cha usajili kuwa cha miaka 10 tangu marekebisho ya 2019. Siku ya pili asubuhi wenyeviti wanaingia, zoezi la mama Moro, mchana wenyeviti wanakaa kivyao kuongelea tathmini ya mkurugenzi na namba ya malalamiko, wakurugenzi wanafanya mazoezi ya maongezi magumu. Siku ya tatu ni ile barua ya miezi mitatu, halafu tunawagawa kwenye vikundi vya watano watano. Kutafuta fedha sijaitupa, kuna jioni moja tumeiacha kwa wale wanaotaka.

Sasa nina vikwazo viwili. Kwanza tuna wanachama kama watatu ambao mwenyekiti wa bodi ni mume wa mkurugenzi au kaka yake. Nikiwaita hao lile zoezi la karatasi si watajibu kitu kimoja, walishaongea nyumbani? Na sitaki kuwaaibisha, ni watu wanaojituma sana. Pili, wenyeviti watauliza posho na bajeti ilikuwa ya wakurugenzi tu.

Mama_Bodi_Moro

Usimwite mwenyekiti peke yake. Kwenye barua ya mwaliko kwa mashirika yote andika mwenyekiti pamoja na mweka hazina au mjumbe mmoja wa bodi, wote sawa, hakuna atakayejiona kanyooshewa kidole. Kwenye zoezi wakae watatu. Yule wa tatu ndo karatasi yake itakayotofautiana, na atasema mwenyewe.

Halafu kwenye ile orodha ya maamuzi ongeza mstari wa shirika kukodi nyumba au gari la mjumbe wa bodi, na mbele ya huo na ule wa kupandisha mshahara wa mkurugenzi pawe na nafasi ya kujibu nani anatoka nje ya chumba wakati hilo linajadiliwa. Mume anaweza kuwa kwenye bodi kama katiba yao haikatazi, ila kwenye mshahara wa mkewe anatoka, na muhtasari unaandika kwamba alitoka. Tulipoanza kuandika hivyo kwetu watu walinuna kikao kimoja tu. Kikao kilichofuata mjumbe mwenye nyumba tuliyopanga alisimama mwenyewe kabla sijamwambia.

Mkaguzi_Dom

Posho ongea na mfadhili wako leo, usisubiri. Mwandikie kwamba idadi ya siku za hoteli inapungua kwa sababu siku ya tatu mnaifanya kwenye ukumbi wa mmoja wa wanachama, kile kilichookolewa kinahamia nauli na chakula cha wajumbe wa bodi, na uombe akubali kwa maandishi kabla hujatuma mwaliko. Mwambie na sababu, wengi wanakubali haraka wakisikia bodi inakuja.

Zile karatasi nne ziwekee tarehe ya mwisho wiki mbili kabla na uwaambie hazitaonyeshwa kwa mtu mwingine. Ukikwama kuzisoma nitumie ujumbe, za benki nitakuangalizia bila malipo ila ufute majina ya mashirika kwanza.

Mratibu_Ziwa

Asante mkuu, asante mama. Barua ya mfadhili naiandika mchana huu, mwaliko unasubiri jibu lake. Konsaltanti nimeshampigia, amekubali tukae Jumatatu na nimemwambia aje na laptopu tupu.